Hisabati Itoke Ubaoni, Iingie Mfukoni

Liko swali moja ambalo hakuna mwalimu wa Hisabati ambaye hajawahi kuulizwa. Mwanafunzi ananyosha mkono, mara nyingine kwa utundu, mara nyingine kwa uchungu wa kweli, anasema: "Mwalimu, hivi vitu vitakuja kunisaidia nini?" Na jibu analopewa aghalabu ni moja kati ya mawili. Ama anaambiwa kwamba vitakuja kwenye mtihani, ama anaambiwa aketi chini asiwapotezee wenzake muda.

Leo naomba tulipe swali hilo heshima yake, kwani aliyeuliza hakukosa adabu. Ameuliza faida, kama vile mnunuzi anavyouliza faida ya bidhaa kabla ya kutoa fedha yake. Nami nitazungumza hasa juu ya vijana wetu walioko vyuoni: vyuo vya ualimu, vya uuguzi, vya kilimo, vya ufundi, na vyuo vikuu pia.

Nina sababu ya kuwachagua hao. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022 hapa Tanzania, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya kila watano alifaulu somo la Hisabati. Maana yake ni kwamba vijana wengi wanaofika vyuoni wanafika wakiwa wamekwisha kuagana na somo hilo, tena kwa furaha. Utawasikia wakisema, "Mimi na hesabu, mbali mbali." Lakini hebu tutazame mambo yalivyo. Ni huko chuoni ndiko kijana anakoshika fedha yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Bumu linaingia. Anapanga chumba. Anakopa. Anabeti. Anaitwa pembeni na rafiki yake na kuelezwa habari za "fursa". Kwa maneno mengine, kijana ameziaga hesabu siku ile ile zilipomfuata hadi mlangoni kwake.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wako wanaodhani Hisabati ni kitu kilicholetwa na shule, kitaishia shuleni. La hasha. Wazee wetu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja, na karafuu na pembe wakazipima kwa frasila. Na tulipoambiwa kwamba haba na haba hujaza kibaba, tulikuwa tunafundishwa kujumlisha. Wazee hao hao ndio waliotuachia ile methali isemayo: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata aljebra, hilo somo linaloogopwa kuliko yote, asili yake si mateso ya wanafunzi. Al-Khwarizmi, mtaalamu aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, ndiye aliyeandika kitabu ambacho jina lake lilizaa neno hilo aljebra. Sehemu kubwa ya kitabu kile inahusu wasia na mirathi. Watu walikuwa wanakufa, wanaacha mali, na walio hai walitaka kujua nani apewe nini.

Tuchukue mfano wa leo. Bwana mmoja Mwislamu amefariki, wazazi wake wakiwa wametangulia. Ameacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja. Baada ya kulipa madeni na gharama za mazishi zimebaki shilingi milioni 24. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, mjane aliyeachwa na mume mwenye watoto hupata thumuni, yaani moja ya nane: hizo ni milioni 3. Zinabaki milioni 21 kwa watoto, na mtoto wa kiume hupata mafungu mawili ya mtoto wa kike. Mafungu basi ni mawili, na mawili, na moja: jumla matano. Fungu moja ni milioni 4 na laki 2. Kila kijana wa kiume atapata milioni 8 na laki 4, na binti atapata milioni 4 na laki 2. Ukijumlisha yote na fungu la mama, unarudi kwenye milioni 24 kamili.

Hesabu hiyo ni ya sehemu, na mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Lakini fikirini mjane asiyeiweza, ambaye amekalishwa mkekani, amezungukwa na mashemeji, na mmoja wao amekwisha kugawa. Yule mama atapokea chochote atakachopewa, na kushukuru juu yake. Hapo ndipo ninapotaka tufike, ndugu wasikilizaji. Asiyejua hesabu hubaki kumwamini anayezijua, na anayezijua si kila mara ni mtu mwema.

Sasa tuingie katika habari ya mikopo, maana hapo ndipo vijana wetu wengi wanapoumizwa.

Mwalimu mpya amepata kazi. Mshahara wa kwanza umechelewa, na maisha hayasubiri. Anahitaji shilingi 1,200,000. Anakwenda kwa mkopeshaji wa kwanza, anaambiwa: "Riba yetu ni asilimia 5 kwa mwezi, utalipa kwa miezi 12." Anakwenda kwa wa pili, anasikia maneno yale yale bila kuongezwa wala kupunguzwa. Kijana anaona wote ni sawa, basi anamchagua yule aliye karibu na kituo cha basi.

Mkopeshaji wa kwanza anatoza ile asilimia 5 juu ya deni lote la mwanzo, kila mwezi, hata kama deni limekwisha kupungua. Asilimia 5 ya 1,200,000 ni shilingi 60,000. Kwa miezi 12 riba inafika shilingi 720,000.

Wa pili anatoza asilimia 5 juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza riba ni shilingi 60,000. Lakini kijana amekwisha kurejesha 100,000 za deni lenyewe, kwa hiyo mwezi wa pili riba ni 55,000, wa tatu 50,000, inashuka hivyo hivyo hadi mwezi wa mwisho ambapo riba ni shilingi 5,000 tu. Jumla yake ni ngapi? Hapa inakuja ile habari ya mfululizo wa namba ambayo kijana aliikariri sekondari bila kuambiwa ni ya nini. Ni 5,000 mara jumla ya namba 1 hadi 12. Unganisha 1 na 12 upate 13. 2 na 11 upate 13. Jozi ni sita. Mara sita kumi na tatu ni 78. Zidisha kwa 5,000: riba yote ni shilingi 390,000.

Tofauti ya wakopeshaji hao wawili, waliotamka maneno yale yale, ni shilingi 330,000. Na kuna jambo la kushangaza zaidi. Kwa yule wa kwanza, katika mwezi wa 12 kijana amebakiwa na deni la shilingi 100,000 tu, lakini bado anatozwa riba ya 60,000. Katika mwezi huo analipa asilimia 60, na kwenye mkataba imeandikwa 5.

Tena hapo hatujazungumzia ile "ada ya fomu" ambayo hukatwa juu kwa juu. Kijana akikatwa shilingi 60,000 mlangoni, anatoka na 1,140,000 mfukoni, huku riba ikihesabiwa kwa 1,200,000. Analipia riba fedha ambayo hajaishika.

Iko mikopo mibaya zaidi, ile ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Chukua shilingi 100,000 tu, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na sharti kwamba riba isiyolipwa inaingia kwenye deni. Muulize mtu yeyote barabarani: asipolipa kitu kwa mwaka mzima, atadaiwa kiasi gani? Wengi watazidisha 20 kwa miezi 12, wapate asilimia 240, waseme atadaiwa kama shilingi 340,000. Kumbe sivyo. Kila mwezi deni linazidishwa kwa 1.2. Baada ya miezi minne tu limekwisha kupita mara mbili: ni shilingi 207,360. Baada ya nusu mwaka ni 298,598. Mwisho wa mwaka ni shilingi 891,610. Mtu anajumlisha kichwani, na deni huko liliko linazidisha. Pengo kati ya kujumlisha na kuzidisha ndilo lililochukua makochi, televisheni na cherehani za watu wengi.

Serikali imefanya sehemu yake. Iko Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayomtaka mkopeshaji awe na leseni. Kwa watumishi iko ile kanuni ya kubakiza theluthi ya mshahara, ili makato yasimwache mtu mtupu. Hayo ni mambo mema. Lakini sheria haitakaa nawe mezani wakati unatia sahihi. Na hata hiyo theluthi, itakulinda vipi kama huwezi kuipiga mwenyewe uone kwamba katika mshahara wa shilingi 690,000 hazipaswi kubaki chini ya 230,000?

Tuendelee na jambo la pili, ambalo ni hizo zinazoitwa fursa.

Tangu zamani akina mama zetu wanacheza upatu. Watu 10, kila mmoja anatoa shilingi 20,000 kwa mwezi, mmoja anapokea 200,000, mwezi ujao mwingine. Mwisho wa zamu kila mtu ametoa 200,000 na kupokea 200,000. Hesabu imefunga. Hakuna aliyepata faida na hakuna aliyepata hasara. Kilichopatikana ni nidhamu ya kuweka akiba na fedha kuja kwa mkupuo. Huo ni upatu wa halali na wa heshima.

Lakini uko upatu mwingine uliojivika nguo za huo wa kwanza. Huo husema: toa fedha zako, lete watu watano, nao kila mmoja alete watano, utavuna bila jasho. Siku hizi mwaliko unakuja kwa njia ya simu, wenye picha za magari na nyumba. Naomba kijana wa chuo achukue karatasi tu. Wa kwanza ni 1. Ngazi ya pili ni watu 5. Ya tatu 25, ya nne 125, ya tano 625. Mpaka hapo mchezo unaonekana mdogo, unaotosha mtaa mmoja. Endelea kuzidisha kwa 5. Ukifika ngazi ya 12 unahitaji watu 48,828,125, na ukiwajumlisha wote tangu yule wa kwanza unapata watu 61,035,156.

Sasa ikumbukeni sensa ya mwaka 2022. Tanzania nzima, bara na visiwani, pamoja na vikongwe na watoto waliozaliwa wiki ile, tulikuwa watu 61,741,120. Yaani kwa ngazi 12 tu nchi imekwisha. Ngazi ya 13 ingehitaji watu zaidi ya milioni 244, ambao hatunao.

Na hao wa ngazi ya mwisho watapata nini? Hawatapata kitu, kwani hawana wa kumleta. Nao ni wangapi? Gawanya 48,828,125 kwa 61,035,156. Utapata asilimia 80. Wanne katika kila watano. Wala msidhani ni kwa sababu mchezo umefika mbali. Usimamishe popote unapotaka, kwenye ngazi ya tano au ya nane, utakuta karibu wanne kati ya watano wako chini kabisa, wametoa na hawajapokea. Nani atakuwa wa juu na nani wa chini haijulikani, lakini kwamba wengi watalia inajulikana kabla mchezo haujaanza.

Tumekwisha kuyaona hayo hapa kwetu. Mwaka 2009 watu wengi walipoteza akiba zao katika mpango wa DECI, ambako lugha iliyotumika ilikuwa ya kupanda mbegu na kuvuna, na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Wala si Watanzania peke yetu. Kule Ulaya, nchini Albania, mwaka 1997 michezo ya namna hiyo ilianguka kwa pamoja baada ya kuwameza wananchi walio wengi. Watu waliuza nyumba na mifugo ili wajiunge. Ilipoanguka, nchi iliingia katika ghasia, serikali ikaondoka, na watu wapatao 2,000 wakapoteza maisha. Kilichohitajika kuujua mwisho wake mapema ni kuzidisha kwa namba moja, tena na tena, kwenye karatasi.

La tatu ni kubeti. Najua nikisema hili vijana wananuna, lakini mazungumzo haya hayana nia ya kuhubiri, nataka tupige hesabu tu. Kijana anapanga mkeka wa mechi 10. Ananiambia ana uhakika na kila mechi kwa asilimia 70. Vizuri, tuseme kweli anajua mpira kiasi hicho. Uwezekano wa mechi zote 10 kutokea kama alivyotabiri si asilimia 70. Ni 0.7 mara 0.7, mara 0.7, hadi mara 10. Jibu ni kama 0.028, yaani hazifiki mara 3 katika mikeka 100. Ndiyo maana kila Jumatatu utasikia, "Mkeka umechanwa na timu moja!" Wanaisema kama bahati mbaya, kumbe ndivyo hesabu ilivyotazamiwa kwenda. Tena malipo yamepangwa na mwenye duka, naye hapangi yale yanayomfilisi. Kijana anayejua hayo akiamua bado kubeti shilingi 500 kwa kujifurahisha, ni uamuzi wake. Lakini asiweke ada ya chuo.

Tutoke mjini twende mashambani, kwani vyuo vya kilimo navyo vina la kusema. Mkulima wa viazi au vitunguu anaijua lumbesa: gunia lililoshonewa kilemba juu hadi linamzidi mtu kimo. Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipiga vita miaka mingi, na bado ipo. Tuseme gunia halali ni kilo 100, na lumbesa imebeba 125, kwa bei ile ile ya gunia moja. Mnunuzi amepata nyongeza ya asilimia 25. Je, mkulima amepoteza asilimia 25? Hapana. Katika kilo 125 alizotoa, 25 hazikulipwa, na hiyo ni asilimia 20 ya mazao yake. Jambo ni moja, lakini asilimia inategemea umesimama upande upi. Kwa lugha ya shambani, kila lumbesa nne ni magunia matano. Mkulima aliyeuza lumbesa 40 ametoa magunia 50, akalipwa 40. Magunia 10 yameondoka bure. Bwana shamba akiwafundisha wakulima hesabu hiyo moja kwa vijiti mchangani, amefanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi.

Na mchezo huo huo wa asilimia tunauona hata sisi wa vyumba vya habari. Tunaletewa taarifa kwamba bei ilipanda kwa asilimia 50, lakini wananchi wasihofu, kwani sasa imeshuka kwa asilimia 50. Msikilizaji anadhani imerudi ilipokuwa. Pigeni: kitu cha shilingi 2,000 kikipanda kwa asilimia 50 kinakuwa 3,000, kikishuka kwa asilimia 50 kinakuwa 1,500. Mwandishi asiyejua swali la kuuliza, "asilimia ya kitu gani?", ataisoma taarifa hiyo redioni kwa sauti nzuri, na nchi nzima itapotoka.

Basi tufanye nini vyuoni?

Kwanza, naona mwalimu aanze na jambo, kanuni ije baadaye. Aingie darasani na karatasi ya mkopo, si na herufi x na y. Wanafunzi wabishane ni mkopeshaji gani wa nafuu. Wakishakwama, ndipo awape kanuni ya mfululizo, nao wataipokea kama mtu mwenye kiu anavyopokea maji.

Pili, kila chuo kitumie kazi yake. Muuguzi mwanafunzi aambiwe: dawa ya maji ina miligramu 125 katika kila mililita 5, daktari ameandika miligramu 200, utampa mtoto mililita ngapi? Ni 8. Na aambiwe pia kwamba nukta ikiteleza nafasi moja tu, mtoto atapewa dawa mara 10 zaidi, au sehemu moja ya kumi ya dawa yake. Fundi mwanafunzi apewe zege la moja kwa mbili kwa nne: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne; aulizwe akiwa na ndoo 35 za mchanganyiko mkavu, saruji ni ndoo ngapi. Ni 5. Akiweka 3 ili abakize mbili za kuuza, nyumba itamjibu yeye au itawajibu wapangaji.

Tatu, wanafunzi wazoezwe kukadiria kabla ya kushika simu. Vijana watasema, "Lakini kila simu ina kikokotoo." Ni kweli. Simu inajua kuzidisha, tena upesi kuliko mimi nawe. Lakini haijui kitu gani kizidishwe na kitu gani, wala haitakustua ukibonyeza sifuri moja zaidi. Mwenye makadirio kichwani ndiye anayeshtuka.

Nne, na hili ni kubwa, swali la mwanafunzi lisichekwe. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuhofia kukosa nafasi kwenye jokofu, aliweka maziwa yakiwa bado ya moto. Akashangaa kuona yake yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza, mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa, na baadaye akikosea hata hesabu, kosa lake likaitwa "hisabati ya Mpemba". Kijana hakunyamaza. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne. Wenzake wakacheka tena, lakini Osborne alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakaandika pamoja katika jarida la kisayansi. Mpaka leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo lile, na duniani kote linaitwa kwa jina la Mpemba. Swali lile lilitoka jikoni. Ni maswali mangapi ya jikoni, ya sokoni na ya dala dala yamezimwa na kicheko darasani?

Wako watakaonipinga, nao wana haki ya kusikilizwa. Mwalimu atasema: "Ndugu mtangazaji, muhtasari ni mrefu, darasa lina watu wengi, na mtihani hauulizi mambo ya lumbesa." Namwelewa. Lakini namwomba dakika 10 kwa wiki, mfano mmoja tu unaotoka nje ya ukuta wa chuo. Wale wanaotunga mitihani nao waongeze maswali yanayofanana na maisha, kwani kinachotahiniwa ndicho kinachofundishwa.

Mtaalamu wa Hisabati naye atasema kwamba somo hili lina uzuri wake, si la kupimia vitunguu tu. Nalo ni kweli. Namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, zilichunguzwa kwa zaidi ya miaka 2,000 na watu waliozipenda tu, bila mtu kuona zina kazi gani kubwa. Mwaka 1977 huko Marekani ikabuniwa njia ya kuzitumia kuficha ujumbe, na tangu hapo njia hiyo imekuwa miongoni mwa zile zinazolinda fedha za watu kwenye mitandao. Kwa hiyo sisemi tufundishe tu kile kinachouzika leo. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi aliyekwisha kuona hesabu ikimwokoa mama yake asidhulumiwe, huyo ndiye atakayekuwa na subira ya kuusikiliza uzuri wake.

Ndugu wasikilizaji, tumezoea kusema kwamba maskini ananyang'anywa kwa nguvu. Wapo wanaonyang'anywa hivyo. Lakini wengi zaidi wananyang'anywa kwa tabasamu, kwa chai, kwa karatasi iliyopigwa chapa vizuri na namba ndogo ya asilimia chini yake, wala hawajui kwamba wamenyang'anywa. Wanaporudi nyumbani husema ni mapenzi ya Mungu, au ni ugumu wa maisha.

Kwenu ninyi vijana wa vyuo nina ombi moja. Siku mtakapowekewa karatasi mtie sahihi, msione haya kuomba kalamu na dakika chache. Ulizeni: asilimia ya nini, kwa muda gani, juu ya deni lipi, na mwisho wake nitakuwa nimelipa jumla ya shilingi ngapi? Anayewauzia kitu cha haki atawangoja mmalize kuhesabu. Asiyeweza kuwangoja, inukeni, mshukuruni kwa chai yake, mwende zenu.